Majani Yafungwe Nyuma

Wambura, kijana aliyeurithi usukani wangu, ameniomba nimwandikie jinsi ya kulitunza gari wakati wa jua kali. Alitaka mistari michache tu ya kubandika ukutani, pale juu ya msumari wa funguo. Nikamwambia mistari michache inamtosha dereva wa lami. Wa kwetu, anayetoka Busawe na vumbi akaingia Nyambureti na vumbi jingine, anahitaji maelezo. Basi Wambura, haya ni yako, na ya wengine watakaokikalia kiti kile chenye sponji lililobonyea upande wa kulia. Nimelibonyeza mimi kwa miaka mingi. Msilibadilishe haraka.

Habari za vyeo na mishahara nimeziruka. Vyeo vya dereva vinajulikana: leo dereva, kesho dereva mwandamizi, na gari ni lile lile. Nitaeleza habari za joto, na watu walionifundisha kuishi nalo.

Nilizaliwa Nyanungu, katikati ya ng'ombe. Mpaka naanza kunyoa ndevu nilikuwa sijawahi kushika spana, ila nilijua kumtambua mnyama aliyezidiwa na jua. Anasimama, anahema, na fimbo haimsogezi. Nilipopata kazi ya kujifunza ufundi kwenye gereji moja Tarime mjini, niliona ujuzi huo nimeuacha nyumbani pamoja na fimbo yenyewe. Kumbe ndio nilioutumia mpaka nastaafu.

Fundi mkuu pale alikuwa Mzee Lusajo, Mnyakyusa wa Mbeya. Alikuja Nyamongo kutafuta dhahabu kama wengi, akachimba mpaka soli za viatu zikaisha, akaambulia jina la utani tu: walimwita Kokoto. Siku moja mashine ya kusaga mawe ya jirani yake iligoma, akaitengeneza, na tangu hapo hakushika sururu tena. Alikuwa mtu wa nchi ya baridi, na joto letu lilimkera kana kwamba tulilileta sisi makusudi. Kila jua likifika utosini aliangalia juu na kuuliza, "Hivi ninyi Wakurya, Mungu mlimkosea nini?" Nadhani ndiyo maana alilielewa joto kuliko sisi tuliozaliwa nalo.

Siku yangu ya kwanza liliingia lori dogo lililobeba vitunguu, linafoka mvuke kama sufuria ya makande. Mimi, kwa kutaka kuonekana mchapakazi, nikakimbia na kitambaa, nikafungua mfuniko wa rejeta. Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila nakumbuka niliruka, na vitunguu kadhaa vikaruka na mimi. Alama iko mkononi hadi leo, na wajukuu huiomba waiguse. Mzee Lusajo alinimwagia maji ya baridi kwenye mkono taratibu, kwa muda mrefu, bila kunigombeza. Halafu akanipa kigoda, akanikalisha mbele ya lile lori.

"Kaa hapo umsikilize," akasema. "Akinyamaza, niite."

Nikakaa. Injini ikawa inalia tik, tik, tik, kisha tik moja moja, kisha kimya. Alipokuja, mfuniko ulifunguka kwa vidole viwili, na rejeta haikutoa hata pumzi. Tangu siku hiyo, gari likichemsha, kazi yangu ya kwanza imekuwa kukaa chini. Abiria hukasirika sana wakimwona dereva amekaa. Waacheni wakasirike.

Mengine alinifundisha kidogo kidogo, na hapa Wambura unaweza kuchukua kalamu. Upepo wa tairi unapimwa asubuhi, kabla gari halijasogea. Ukipima mchana utauona umezidi, utatoa, na kesho asubuhi utakuta tairi limelegea unashangaa nani amekuloga. Maji ya betri yanakauka upesi kiangazi kuliko unavyodhani. Fungua, chungulia, ongeza yale ya dukani, si ya kisimani. Mipira ya rejeta ibonyeze kwa vidole kama unavyobonyeza chuchu ya ng'ombe: ikiwa migumu au imevimba, ibadilishe kabla haijaamua yenyewe. Mkanda wa feni usilie na usilegee. Na fundi atakayekuambia aitoe themostati, kile kizibo kinachopima joto la maji ya injini, "kwa sababu huku ni joto", msalimie vizuri, uondoke na gari lako.

Kubwa kuliko yote ni uso wa gari. Kwetu nyasi zikikauka hutoa mbegu zenye miiba midogo, na panzi nao hawana adabu. Vyote huishia kwenye rejeta. Kwa macho utaona pasafi, kumbe vitundu vimezibwa na hewa haipiti. Mzee Lusajo alikuwa na brashi kuukuu ya viatu kwa ajili hiyo. Alipiga mswaki kutoka juu kwenda chini, polepole, halafu alisukuma maji kutokea upande wa injini ili uchafu urudi ulikotoka. "Hapa ndipo linapopumulia," alikuwa akisema. "Mzibe mtu pua halafu umwambie apande mlima na gunia la mahindi, uone." Nilipoondoka pale kwenda kuendesha gari la kituo cha afya upande wa Serengeti, alinipa ile brashi. Akasema "ndaga", ambayo kwao ni asante, ingawa aliyetakiwa kushukuru ni mimi. Kisha akageuka haraka akajifanya anatafuta bisibisi.

Gari la kituo lilikuwa lile tunaloliita mkonga, kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Lilibeba wagonjwa, chanjo, wajawazito, na mara moja, kwa amri ya mganga mfawidhi, mzinga wa nyuki, habari ambayo sitaieleza. Nililipenda. Nilijifunza kuliegesha likiangalia upepo unakotoka, kufunika usukani kwa kanga ili nisiungue viganja, na kuchungulia uvunguni kabla ya kuliwasha. Hilo la mwisho hakuna atakayekufundisha chuoni: kiangazi kivuli ni adimu, na mbuzi wa vijiji vyote wanajua kwamba chini ya gari kipo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mzee Lusajo hakuwahi kunifundisha dawa yake, nalo ni furaha ya watu.

Mnajua desturi yetu. Jambo jema likifika nyumbani, watu wanakata matawi mabichi. Iwe harusi, iwe mtoto, iwe kijana amerudi salama, matawi yanapepea. Na jambo hilo likija kwa gari, gari nalo linapambwa, na mahali pa kupamba ni mbele, kwenye uso, ili wanaokutana nalo njiani waone kwamba humu mna neema. Wanafunga kwa katani, wanakaza kwelikweli, majani kwa majani, mpaka grili haionekani. Kisha dereva anaambiwa aende taratibu ili watu wafaidi. Rejeta imezibwa, mwendo wa kinyonga, jua la utosi. Hata ungetafuta njia ya kuchemsha gari makusudi usingepata iliyo bora zaidi.

Kuyatoa mbele yao huwezi. Ni kama kupewa chakula ukakitema. Kwa hiyo nilikuwa na ujanja wangu: nashukuru, nacheka, napiga honi, naenda mpaka kona ya kwanza, nashuka, nafungua, naweka majani kando ya njia kwa heshima. Ujanja huo ulinifaa kwa miaka, mpaka siku nilipombeba Bibi Nyangi.

Bibi Nyangi wa Nyambureti alikuwa mkunga wa jadi, amepokea nusu ya watu wa kijiji kile kwa mikono yake, na alikuwa anaongea nao wote kana kwamba bado ni vichanga. Alikuwa na wakwe wawili waliobeba mimba pamoja. Mmoja alijifungua mapacha kituoni kwetu, na mchana mmoja wa kiangazi mimi na Sista Adela, muuguzi wetu, tukamrudisha nyumbani na watoto wake. Tulipokelewa vizuri mno. Wanawake walitoka na vigelegele, matawi yakaja, katani ikaja, na kabla sijamaliza kusema shikamoo kwa wazee, mkonga ulikuwa umegeuka kichaka.

Katikati ya shamrashamra hizo mkwe wa pili, Robhi, mimba yake ya kwanza, akashika nguzo ya mlango. Uchungu ulikuwa umeanza. Watu wakacheka kwa raha, wakasema mtoto amesikia ngoma anataka kucheza. Bibi Nyangi na Sista Adela wakaingia naye ndani. Walipotoka hawakuwa wanacheka.

"Mtoto amekaa vibaya," Sista akaniambia. "Amelala mkingamo. Huyu ni wa upasuaji. Mugumu, sasa hivi."

Tukamlaza Robhi nyuma, Sista akakaa naye akimshika kiganja. Nikaenda mbele kufungua majani. Sauti ikanipiga mgongoni, ikiniita kijana kwa Kikurya.

"Mura! Unafanya nini?"

"Natoa haya, bibi, ili tuwahi."

"Hayatoki." Bibi Nyangi alikuwa ameshasimama kati yangu na gari. "Furaha ya nyumba hii haijatimia. Mtoto mmoja bado yuko njiani, wewe unavua majani? Unamwambia nini huyo mtoto? Kwamba asije?"

Nikataka kubishana, lakini nyuma Robhi aliguna, na Sista akanigongea kioo. Nikasema moyoni: kona ya kwanza. Nikafungua mlango wa dereva, nikamkuta Bibi Nyangi ameshaketi kiti cha abiria, kitenge kimefungwa sawasawa, macho kwenye yale majani. Kona ya kwanza tukaipita. Ya pili tukaipita. Kila nilipopunguza mwendo alinigeukia.

Mshale wa joto ulianza kupanda tulipoacha tambarare. Siwezi kuwaeleza jinsi mshale ule mdogo unavyoweza kuujaza woga moyo wa mtu. Nyuma, mbali na Sista, kulikuwa na watu wawili, mama na mtoto aliye tumboni, na maisha yao yalikuwa yanategemea injini niliyokuwa naisikia ikianza kulalamika. Likifia mlimani, hakuna gari jingine, na simu mahali pale ilikuwa haishiki hata ukipanda juu ya jiwe. Nilifanya alichonifundisha Mzee Lusajo: nikafungua vioo vyote, nikaisukuma hita mpaka mwisho. Wambura, hita inavuta joto kutoka kwenye injini na kulileta ndani ya gari. Inasaidia kweli. Tatizo ni kwamba inalileta kwa wanaokaa mbele.

"Mura," Bibi Nyangi akasema baada ya muda, jasho likimtiririka, "hiki kinachonipuliza miguuni ni nini?"

"Ni joto la injini, bibi."

"Na kwa nini unanipa mimi?"

"Ili lipungue kule."

"Unanichoma! Mimi ni hindi la kuchoma?"

Nyuma nikasikia kicheko. Alikuwa Robhi. Mtu mwenye uchungu, mtoto amekaa mkingamo, kacheka. Sista naye kaangua kicheko, halafu mimi, na Bibi Nyangi akatuangalia wote kana kwamba tumepungukiwa. Lakini mshale haukucheka na sisi. Ulipofika karibu na ile alama nyekundu nikaweka gari pembeni, uso ukiangalia upepo, injini ikiunguruma taratibu ili feni izunguke. Nikafungua boneti. Bado maji yalikuwa hayajaanza kutoka. Nilikuwa na dakika chache tu za kuliokoa.

Kulikuwa na boma la watu jirani. Wakaja mbio, na wema wao, Mungu awabariki, ulikaribia kutumaliza. Mama mmoja alikuwa na ndoo ya maji kichwani, maji aliyoyatoa mbali kiangazi kile, akataka kuyamwaga yote juu ya injini. Nikamzuia kwa mikono miwili, maana maji baridi kwenye chuma cha moto hupasua hedi, yaani kichwa cha injini, na hapo gari linakuwa banda la kuku. Nikamwomba aiweke ndoo chini tutaihitaji. Kisha nikamwendea Bibi Nyangi kwenye kiti chake. Nilikuwa nimechoka kuwa mjanja.

"Bibi, nina swali. Wewe mtoto akitoka, kabla ya yote, unamfanya nini?"

Akaniona mjinga. "Namfuta pua na mdomo. Ili avute hewa. Sasa hilo nalo unauliza?"

"Basi gari hili linavutia hewa pale mbele, nyuma ya yale majani. Tumeliziba pua, bibi, na tumelipandisha mlima. Likikata pumzi, Robhi atabaki hapa."

Alishuka, akazunguka mbele, akaweka kiganja karibu na majani, akakiondoa haraka. Akainama, akachungulia kati ya matawi kama anayechungulia mlangoni kwa jirani. Kisha akachomoa kisu kidogo kutoka kwenye pindo la kitenge, na kwa mikono yake mwenyewe akakata katani, kamba kwa kamba. Mimi nikashika brashi ya Mzee Lusajo, nikasugua vipande vya majani vilivyonasa kwenye vitundu. Hewa ilipoanza kupita, nilisikia sauti ya feni ikibadilika. Ilikuwa sauti tamu kuliko ngoma ya arusi yangu.

Bibi Nyangi hakuyatupa majani. Aliyakusanya yote kifuani, akaenda nayo nyuma ya gari, akaanza kuyafunga kwenye ngazi ya tairi la akiba.

"Majani yafungwe nyuma," akawaambia wale watu waliosimama, kama hakimu anayesoma hukumu. "Mtoto hatajali. Ila pua iachwe wazi. Mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Mshale ukashuka, polepole, halafu kwa kasi, ukakaa katikati. Yule mama akatukabidhi ndoo yake tuende nayo, na sikuitumia hata tone, nikamrudishia kesho yake ikiwa imejaa. Mugumu tulifika jua likiwa bado juu, majani yakipepea nyuma, na Robhi akaingizwa ndani moja kwa moja. Mimi nilikaa chini, ukutani, kwenye kivuli chembamba. Bibi Nyangi akakaa kando yangu. Alikuwa bado ananuka joto la hita.

Sista Adela alipotokea mlangoni alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Akatuambia ni mtoto wa kike, mzima, mama yake mzima. Bibi Nyangi akapiga kigelegele ambacho nadhani wagonjwa wengine walikisikia wakapona. Alitaka mtoto aitwe Mwita, jina langu, akaambiwa ni msichana, akafikiri kidogo, akasema basi aitwe Ghati, ila Mwita aambiwe kwamba alikaribia. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, na sioni aibu kuiandika.

Baada ya hapo miaka ilikwenda kama inavyokwenda. Kila kijiji nilichoingia na neema, niliwahi kushuka kabla ya katani kuja, nikahubiri habari ya pua. Wengine walinielewa, wengine waliniona mzee wa visirani. Busawe waliwahi kunifungia majani mbele na nyuma, ili kusiwe na ugomvi. Bibi Nyangi alifariki akiwa amekula chumvi nyingi, na mazishini pia watu walimcheka kwa mapenzi, wakikumbuka alivyoniuliza kama yeye ni hindi la kuchoma. Mzee Lusajo alirudi Mbeya kwenye baridi yake. Alinipigia simu kusema sasa analalamika kuhusu mvua.

Siku yangu ya mwisho kazini, Wambura, ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa unaangalia barabara. Mganga mfawidhi alisema nirudishwe nyumbani Nyanungu kwa mkonga wenyewe, wewe ukiendesha, mimi nikikaa kiti cha Bibi Nyangi. Tukapitia Nyambureti kuaga. Ilikuwa kiangazi, jua limewaka hasa. Tulipoingia, nikawaona: barabara imejaa wanawake, vigelegele, na mikononi matawi mabichi, marundo kwa marundo. Ukanitazama kwa wasiwasi. Nikakuambia, "Simamisha, acha niseme nao." Nikafungua mlango, mahubiri yangu ya pua yakiwa tayari mdomoni.

Hakuna aliyenihitaji. Walilipita gari lile pande zote mbili, kama maji yanavyopita jiwe, wakaenda wote nyuma. Robhi ndiye aliyekuwa anaongoza, anaelekeza kamba ipite wapi. Mbele hapakuwa na jani hata moja. Alikuwepo Ghati peke yake, msichana mrefu sasa, ameinama kwenye grili, anatoa panzi mmoja mmoja kwa pindo la kanga yake.

"Shikamoo babu," akasema bila kuacha kazi. "Pua iko wazi."

Nililia. Nililia mbele ya watu wote, na Robhi akanishika bega akisema nilie tu, siku hiyo injini iliyochemka ilikuwa mimi. Wewe ukawasha gari, nikakuambia zima kwanza, chungulia uvunguni. Ukachungulia. Mbuzi walikuwepo.

Tulipoondoka ulikuwa umekaza macho kwenye mshale wa joto, kama nilivyokufundisha. Uliendelea hivyo mpaka Nyanungu, na ulifanya vizuri. Mimi sikuutazama hata mara moja. Nilikuwa nimegeuka, naangalia majani yanavyocheza nyuma.